Desktopu inaleta skrini ya buluu kila ikitaka kuwaka tangu niweke kadi ya grafiki. Msaada tafadhali

dadapicha_moro

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, kazi ya mteja imenikalia shingoni.

Niko Morogoro. Nina steshenari ndogo na pembeni nahariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Mashine yangu ni Dell Optiplex 7010, ile ndefu ya kusimama, i5-3470, RAM GB 16, SSD, Windows 10 Pro. Imenifanyia kazi muda mrefu bila kadi yoyote, natumia grafiki ya Intel iliyomo ndani. Kilichokuwa kinanitesa ni kutoa video (export) ikishakamilika, maana filamu ndefu ya harusi naiacha inatoka jioni, nalala naamka bado. Nikashauriwa nitafute kadi ya grafiki. Nikapata GTX 1050 Ti ya GB 4, ya mtumba, laki na themanini, muuzaji akasema imepimwa na ni nzima.

Sasa shida yenyewe. Nikiwasha naona nembo ya Dell, halafu nembo ya Windows na vile vidoti vinavyozunguka. Vidoti vinaganda, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha inakuja skrini ya buluu yenye uso uliokunjamana. Chini imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE, na mstari unaofuata nvlddmkm.sys. Inahesabu asilimia, inajizima, inawaka, inarudia yale yale. Ikirudia sana inaniletea ukurasa wa kujirekebisha, nao hausaidii.

Nilimpelekea fundi hapa mtaani, akapiga Windows upya. Ikawaka vizuri kabisa mbele yangu, ila maandishi yalikuwa makubwa na picha zimevutika. Nikalipa, nikarudi ofisini, nikaunganisha hotspoti ya simu ili nishushe programu zangu. Baada ya muda skrini ikazima na kuwaka ghafla, maandishi yakawa madogo, safi. Nikajua mambo yamekaa sawa. Nilipozima na kuwasha tena, buluu. Fundi akapiga Windows upya kwa mara nyingine, na hadithi ikawa hiyo hiyo.

Sasa ananiambia ubao umekufa, ninunue mashine nyingine. Nina video ya sendofu ambayo wenyewe wanaitaka kabla ya harusi. Nifanyeje?

kijana_wa_gemu

Dada hapo ni RAM. Zitoe zote, sugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, rudisha moja moja. Mimi ilinisaidia. Ikigoma, paua saplai ndiyo imechoka.

fundi_wa_bodi

Dada pole sana. Kabla ya yote, usimlipe mtu mwingine kupiga Windows, na usinunue mashine mpya. Maelezo yako yametosha kabisa, tena umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaoniletea mashine mezani na kusema tu "imekufa".

Mdogo wangu hapo juu ana nia njema, na raba ni dawa ya kweli kwa RAM iliyopata kutu. Ila RAM mbovu haina adabu ya kuangusha mashine sehemu moja kila siku. Leo utaona MEMORY_MANAGEMENT, kesho jina lingine, keshokutwa faili tofauti. Hapa ni neno lile lile, faili ile ile, hatua ile ile. Paua saplai nayo ikizidiwa kwa kawaida haikupi muda wa kusoma maandishi ya buluu, inakata tu kama umeme umezimika, na mara nyingi wakati mashine inafanya kazi nzito, siyo kwenye vidoti.

Jina la faili ndilo jibu. nvlddmkm.sys ni draiva ya Nvidia, waliotengeneza chipu ya GTX, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Kwa faida ya wengine wanaosoma: ukikuta atikmdag.sys au amdkmdag.sys hiyo ni ya AMD, na igdkmd64.sys ni ya Intel. Ukiona mojawapo ya hayo kwenye buluu, shika hapo kwanza, mengine yasubiri.

TDR (Timeout Detection and Recovery) ni ulinzi uliomo kwenye Windows tangu Vista. Windows inaipa chipu ya grafiki kazi na kuisubiri sekunde 2. Isipojibu, Windows inajaribu kuiamsha upya bila kuzima mashine, ndiyo maana mtu mwingine anaona skrini inafumba na kufumbua halafu kazi inaendelea. Ikishindwa kuiamsha, au ikilazimika kuiamsha mara nyingi ndani ya dakika moja, inasimamisha kila kitu na kuleta hiyo VIDEO_TDR_FAILURE. Kwa hiyo tafsiri ya skrini yako ni kwamba draiva ya Nvidia imeiita chipu, na chipu haikuitika.

Kwa nini inakrashi hapo kwenye vidoti? Kwa sababu hadi hapo Windows ilikuwa inachora kwa njia ya kawaida iliyoachiwa na BIOS, ile programu ya kuanzia inayoamka kabla ya Windows, bila kuhitaji Nvidia. Draiva yenyewe inaingia kazini karibu na skrini ya kuingilia. Ndiyo dakika yako ya buluu.

Na kwa nini Windows mpya ilikaa vizuri mpaka ulipowasha hotspoti? Windows ikishapigwa upya bila intaneti haina draiva ya Nvidia. Inatumia ile ya Microsoft ya msingi, Microsoft Basic Display Adapter, ndiyo iliyokupa maandishi makubwa na picha zilizovutika. Ulipowasha hotspoti, Windows Update ikaisoma kadi, ikashusha draiva yake kimyakimya na kuifunga (kuisakinisha). Skrini kuzima na kuwaka ghafla ndiyo dakika draiva ilipoingia. Kuanzia hapo bomu limetegwa, linasubiri uwashe tena. Kwa hiyo hata upige Windows mara mia, bando likiunganishwa tu, draiva ile ile itarudi. Inaniuma sana kuona watu wanapoteza mafaili yao, picha za watoto, hesabu za duka, kwa ugonjwa ambao hauko kwenye Windows.

Fanya hivi leo. Tafuta kompyuta nyingine, shusha programu inayoitwa Display Driver Uninstaller, wengi tunaiita DDU, inatolewa na Wagnardsoft. Iweke kwenye fleshi. Shusha na GPU-Z ya TechPowerUp, programu inayosoma taarifa za kadi ya grafiki, utaihitaji baadaye. Zima hotspoti, kama kuna kebo ya mtandao ing'oe.

Sasa ingia kwenye hali salama (Safe Mode), ambapo Windows inawaka na vitu vya msingi tu. F8 tuliyoizoea kwenye Windows 7 haifanyi kazi hapa isipokuwa uiwashe mwenyewe. Washa mashine, vidoti vikitokea bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka izime. Rudia, na rudia tena. Windows ikiona imeshindwa kuwaka mfululizo inafungua ukurasa wa kujirekebisha. Hapo chagua "Advanced options", kisha "Troubleshoot", tena "Advanced options", halafu "Startup Settings", na "Restart". Itakuletea orodha yenye namba, bonyeza 4. Usibonyeze 5, hiyo inawasha na mtandao, nasi hatuutaki.

Ukiingia, pembe zote nne za skrini zitaandikwa Safe Mode. Hapo mashine inatumia ile grafiki ya msingi tu. Fungua DDU, upande wa kulia chagua GPU, kisha NVIDIA. Kwenye mipangilio yake kuna kisanduku cha kuizuia Windows Update isishushe draiva, weka tiki. Halafu bonyeza kile kitufe cha kusafisha na kuwasha upya. Itafagia draiva pamoja na mabaki yake kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, mabaki ambayo kuondoa kwa njia ya kawaida huyaacha.

Ikiwaka kawaida na maandishi makubwa, rudi hapa kabla hujaunganisha mtandao. Kuna maswali mawili nataka unijibu. Je, kadi yako ina tundu la VGA, lile la buluu lenye skrubu mbili pembeni? Na je, imechomekwa waya wa umeme wa ziada kutoka kwenye paua saplai?

bahari_msa

Ahsante fundi kwa maelezo. Mimi niko Mombasa na nina shida iliyo karibu na hii, nikaona nichangie ili dada asife moyo.

Yangu ni laptopu yenye grafiki mbili, ya Intel na nyingine ya ziada. Ilikuwa nzima. Usiku mmoja ikajifanyia apdeti, asubuhi nikiwasha napata skrini nyeusi tupu na mshale wa kipanya peke yake. Nilidhani kioo kimekufa. Rafiki akaniambia nichukue tochi ya simu nimulike kioo kwa ubavu, nione kama kuna picha hafifu nyuma yake. Hakuna kitu. Basi nikaingia hali salama kama alivyoeleza fundi, nikafungua Device Manager, nikaenda kwenye "Display adapters", nikabofya ile kadi, nikakuta kitufe cha "Roll Back Driver" kiko hai. Nikakibonyeza. Laptopu ikawaka kama ilivyokuwa.

Ila baada ya siku kadhaa ikarudia, kwa sababu apdeti ilileta tena draiva ile ya jumla badala ya ile ya aliyetengeneza laptopu. Dawa kamili kwangu ilikuwa kushusha draiva kwenye ukurasa wa mtengenezaji, kwa namba kamili ya modeli iliyo chini ya laptopu, kuifunga hiyo, kisha kuikataza Windows isilete nyingine. Swali langu kwa fundi: kuikataza huko kuna njia ya uhakika? Mimi nimesimamisha apdeti zote, na najua si salama kukaa hivyo.

dadapicha_moro

Kaka fundi, Mungu akubariki. Imewaka! Ilinichukua muda kuipata hiyo hali salama, ila nilipoona maandishi pembeni nikajua niko mahali penyewe. DDU imesafisha, imejizima, imewaka, na sasa niko kwenye skrini ya kawaida, maandishi makubwa. Mafaili yangu yote yapo. Nimeshayanakili kwenye diski ya nje.

Maswali yako: ndiyo, kadi ina tundu la VGA la buluu, pamoja na la HDMI na DVI. Mimi nilifurahi kwa sababu monita yangu ni ya VGA. Na ndiyo, ina waya wa umeme. Mashine yangu haikuwa na kichwa chake, muuzaji akanipa kiunganishi kinachochukua umeme kwenye waya za diski.

Kwani kuna tatizo?

fundi_wa_bodi

Nitamjibu dada kwanza, bahari utanivumilia.

Dada, majibu yako yote mawili yananitia wasiwasi, na hukufanya kosa lolote. Nvidia waliacha kutoa picha ya analogi kwenye kizazi cha Pascal, ndicho kizazi cha GTX 1050 Ti iliyotoka mwaka 2016. VGA ni analogi. Kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la VGA ni ya kuitilia shaka mara moja. Pili, 1050 Ti imewekewa kikomo cha wati 75, na wati 75 ndizo zinazotolewa na tundu la PCI Express kwenye ubao. Ndiyo maana nyingi hazihitaji waya wa ziada. Zipo halisi zenye kichwa cha umeme, kwa hiyo hilo peke yake si ushahidi, lakini ukilijumlisha na VGA picha inaanza kuonekana.

Fungua GPU-Z uliyoiweka kwenye fleshi. Ipo hivyo hivyo bila mtandao, haihitaji hata kufungwa. Tangu toleo la 2.12.0 la mwaka 2018 inazigundua kadi bandia za Nvidia kwa kuisoma chipu yenyewe badala ya kuamini jina lililoandikwa kwenye BIOS ya kadi. Soma mistari mitatu tu: "Name", "GPU" na "Technology". Kadi halisi itakuambia GP107 na nanomita 14, na chini kidogo shaders (viini vya kuchora) 768. Niandikie unachokiona.

Bahari, ndugu yangu, usisimamishe apdeti zote, mashine inakaa wazi kwa wadukuzi. Zuia draiva peke yake. Kwenye Windows Pro fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi na uandike kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ExcludeWUDriversInQualityUpdate /t REG_DWORD /d 1 /f

Washa upya. Apdeti za usalama zitaendelea kuja, draiva hazitakuja nazo. Kwa anayependa madirisha kuliko kuandika, sera hiyo hiyo ipo kwenye gpedit.msc (kihariri cha sera za Windows), upande wa Windows Update.

Na kwa kuwa umetaja apdeti iliyoingia usiku, jambo moja kwa wote. Ukishabadilisha draiva, tumia "Restart", usitumie "Shut down". Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Fast Startup. Ukizima, haizimi yote, inahifadhi kiini cha mfumo pamoja na draiva zake kwenye faili la hiberfil.sys, na ukiwasha inavirudisha vile vile vilivyokuwa. Mtu anabadilisha draiva, anazima, anawasha, anasema "bado", kumbe mashine imerudisha hali ya jana. "Restart" inaanza upya kweli.

dadapicha_moro

Nimeifungua. Jina limeanza na neno FAKE ndani ya mabano ya mraba, halafu NVIDIA. Kwenye GPU imeandikwa GF106. Technology 40 nm. Shaders 192. Na kuna alama ya pembetatu ya hatari.

Kaka nimetapeliwa?

fundi_wa_bodi

Kadi ni bandia, dada. Pole sana, tena sana, najua laki na themanini inavyopatikana kwa jasho.

GF106 ndiyo chipu ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010, ya kizazi cha Fermi. Kuna watu walizichukua kadi za zamani namna hiyo, wakaiandika upya BIOS ya kadi ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti ya GB 4, wakabandika stika mpya na kuziuza. Hata GB 4 hizo ni za maandishi tu. GTS 450 nyingi zilitoka na GB 1.

Sasa ona mambo yote yanavyoungana. Windows Update inaiuliza kadi, "wewe nani?" Kadi inajibu, "mimi ni 1050 Ti." Windows inaleta draiva ya 1050 Ti, nayo inaanza kutoa amri za Pascal kwa chipu ya Fermi. Ni kama kumleta mkalimani wa Kichina kwa mzee anayejua Kigogo tu. Chipu haielewi, haijibu, sekunde zinapita, TDR inaingia, buluu. Draiva haina ubovu wowote. Windows haina ubovu. Ubao wako wa Dell hauna ubovu, mashine yako ni nzima kabisa. Na ndiyo sababu grafiki ya msingi ya Microsoft inafanya kazi bila shida, kwani yenyewe haiulizi kadi ni ya kizazi gani, inachora tu.

Sasa cha kufanya. Usiifungue kadi. Usitoe feni kutazama chipu, wala usitoe stika. Ukiifungua, muuzaji atasema umeiharibu wewe. Piga picha ya skrini ya GPU-Z, piga picha ya kadi upande wa matundu, na ile ya buluu kama bado unayo kwenye simu. Nenda na fleshi yenye GPU-Z, umwombe aichomeke kwenye mashine yake yeye mwenyewe mbele yako. Zungumza naye kwa upole. Wauzaji wengi wa mtumba nao wamebebeshwa tu mzigo kwenye boksi, hawakujua. Yule aliyejua naye hatapenda wateja wengine dukani wauone ule ukurasa.

Kuna watakaokuambia kwamba kadi hiyo inaweza kuokolewa kwa kurudishiwa BIOS yake ya asili kwa programu ya nvflash, kisha kufungiwa draiva ya 391.35 ya Machi 2018, ambayo ndiyo ya mwisho ya familia ya Fermi. Kiufundi inawezekana. Nimeshafanya hivyo kwa mtu aliyekataliwa kabisa dukani. Lakini kwa kazi yako haina faida hata ikifanikiwa. NVENC, kile kipande cha chipu kinachotoa video haraka, kilianza na kizazi cha Kepler mwaka 2012. GTS 450 haina. Utatoa jasho na mwisho utapata kadi inayokula umeme zaidi ya Intel uliyonayo bila kukuharakishia video hata kidogo.

Kwa video ya sendofu, fanya usiku huu. Zima mashine, ng'oa waya ukutani, toa kadi pamoja na kile kiunganishi. Kiunganishi hicho nakuomba usikitumie tena. Paua saplai ya 7010 ndefu ni ya wati 275, haikupangiwa kulisha kadi kwa njia hiyo, na viunganishi vya bei rahisi vinayeyuka. Chomeka monita kwenye tundu la VGA la ubao wenyewe, nyuma. Washa. Ukishaona picha, fungua DDU uondoe ile tiki ya kuizuia Windows Update, kisha unganisha mtandao na uache Windows ilete draiva ya Intel, hiyo haina shida. Grafiki ya i5-3470 ni HD 2500, na ina Quick Sync, njia ya Intel ya kutoa video haraka kwa chipu yenyewe. Watu wengi wanaidharau bila kuijaribu. Kwenye programu yako ya kuhariri, mahali pa kutoa video, tafuta chaguo la kutumia vifaa badala ya programu, au neno Quick Sync lenyewe, kwa H.264. Kama ulikuwa unatoa kwa prosesa tupu miezi yote hii, utaona tofauti.

bahari_msa

Fundi, niseme ukweli, nilikuja kwa shida yangu ya apdeti nimejifunza na la kadi. Ile amri imekubali kwenye laptopu, nimewasha tena apdeti zote. Dadangu pole. Na usikubali kurudi mikono mitupu huko dukani.

dadapicha_moro

Nimerudi na habari. Usiku ule ule niliitoa kadi, nikachomeka monita kwenye ubao, ikawaka bila neno. Quick Sync ilikuwepo, sikuwahi kuigusa. Video ya sendofu imetoka kabla sijalala, nimeikabidhi, wenyewe wamefurahi.

Dukani nilienda asubuhi. Yule kijana mwanzoni alisema nimeichoma mwenyewe. Nikamwomba aichomeke kwenye mashine yake. Ilipotokea ile FAKE na wateja wawili wamesimama nyuma yangu, akamwita bosi wake. Bosi ni mtu mzima, alitazama picha zangu moja moja, akaniomba radhi. Hela taslimu hana, ila yuko tayari nibadilishe na kadi nyingine, nikiongeza kidogo kama ni ya juu. Ananionyesha GT 1030, GTX 1650 na Quadro P620. Nichukue ipi? Nimemwambia nitarudi kesho.

fundi_wa_bodi

Safi sana dada, na mwambie bosi huyo nimempa heshima yake.

GT 1030 iache. Ni kadi halisi, inakula umeme kidogo, lakini haina NVENC, na wewe kadi unaitafuta kwa ajili ya kutoa video. Mtu akikuambia "ni ya Pascal, ni ile ile tu", usimsikilize.

GTX 1650 ndiyo yenye nguvu kuliko zote tatu, na NVENC inayo. Ila angalia kwa macho. Kwenye Dell yako chukua ile isiyo na kichwa cha umeme tu. Kama ina tundu la pini sita, iache dukani hata kama bei ni nzuri, maana tutarudi kwenye viunganishi. Pima na urefu wake pia, feni mbili zinaweza kugonga kasha la diski.

Quadro P620 ni ndogo, ina GB 2, inatumia wati 40, haihitaji waya, na chipu yake ni GP107, ile ile ambayo 1050 Ti yako ilidai kuwa nayo. NVENC inayo. Kadi hizi mara nyingi zinatolewa kwenye kompyuta za maofisi, ndiyo maana sijakutana na ya bandia mkononi mwangu. Matundu yake ni DisplayPort ndogo, kwa hiyo monita yako ya VGA itahitaji adapta, na iwe ile yenye kugeuza mawimbi, waya mtupu hautatosha. Kwa filamu za harusi za Full HD, mimi ningechukua hii kama 1650 isiyo na waya haipatikani. Ukianza kazi za 4K, GB 2 zitakubana.

Yoyote utakayochagua, ichomeke pale pale dukani, fungua GPU-Z, soma "Name", "GPU" na "Technology", ndipo ubadilishane. P620 itasema GP107 na nanomita 14. GTX 1650 itasema TU117, au TU106 au TU116 kwa baadhi ya matoleo, na nanomita 12. Ukiona GF mwanzoni mwa jina la chipu, au nanomita 40, mrudishie mkononi.

Ukifika ofisini, fungua DDU na uhakikishe ile tiki ya kuizuia Windows Update umeiondoa, maana ulipoiweka ilizima draiva za vifaa vyote, hata za printa yako ya steshenari. Halafu chukua draiva kwenye tovuti ya Nvidia kwa jina kamili la kadi, na kwenye kufunga chagua "Custom" kisha "Perform a clean installation". Ikimaliza, "Restart". Ikivuka vidoti na kufika kwenye skrini ya kuingilia, andika hapa ni kadi ipi, ili mwenye Optiplex kama yako akipita aikute.

dadapicha_moro

P620. Imevuka.